Gari Lisiloweza Kugonga

Kwa miaka miwili niliwaambia watu wa mtaa wetu wa Kambarage kwamba gari langu haliwezi kugonga kitu. Sikusema kwamba linasaidia usigonge, wala kwamba ni vigumu kugonga nalo. Nilisema haliwezi. Nilisema baada ya misa, nilisema kwa kinyozi, na kwenye msiba wa jirani nilisema kwa muda mrefu mpaka mfiwa mwenyewe akaja kuniomba nipunguze sauti.

Jina langu Alois. Ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na siku hizi nauza pampu za maji kwa wachimbaji wadogo wa Geita. Kila wiki natoka Shinyanga, napita Tinde na Kahama, nalala Geita, kesho yake narudi. Mke wangu Anisia husafiri nami.

Gari lilitoka Japani likiwa limetumika, na lilikuwa na breki za dharura zinazojifunga zenyewe. Nyuma ya nembo ya mbele kuna rada. Ikiona kitu njiani na wewe umezubaa, gari linakupigia kelele, na usiposikia linasimama lenyewe. Wiki ya kwanza tu, pale Tinde, mbuzi alikatiza barabara nikiwa nahangaika na redio. Gari likalia, likafunga breki kwa nguvu hadi kofia ikanitoka kichwani. Mguu wangu ulikuwa haujafika popote. Mbuzi akanitazama, nami nikamtazama, kila mmoja akaenda zake. Kuanzia siku hiyo nikawa muumini.

Sasa, mtu akiwa na gari la namna hiyo huku kwetu, barabara zilivyojaa ng'ombe, jambo la kwanza analofanya ni kulifungia ngao ya mabomba ya chuma mbele. Asiye na ngao anaonekana kama kaazima gari. Nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akanifungia ngao nene, na bomba moja likapita sawasawa mbele ya nembo. Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Miaka ishirini na miwili nilisimama ubaoni nikiwafundisha watoto wa watu kwamba mawimbi ya rada yakikuta chuma hurudi yalikotoka. Waliosahau niliwasimamisha darasa zima likiwatazama. Kisha nikaenda mwenyewe, na akili zangu timamu, nikafunga chuma mbele ya rada, nikapiga na picha.

Baada ya hapo, kila nilipowasha gari, taa ya rangi ya chungwa iliwaka kwenye dashibodi pamoja na mstari wa maandishi ya Kijapani. Yule dada wa Kijapani anayesema humo ndani naye akaongeza sentensi moja. Nikaona ananitakia safari njema. Nikawa namjibu, "Asante, dada." Anisia alinitazama tu.

Ngoja niseme na lile ambalo sikuwa nalisema kwa kinyozi. Macho yangu yalikuwa yanafifia. Mchana wa jua niliona kila kitu kama kiko nyuma ya nailoni. Watu niliwajua kwa sauti na kwa mwendo, na mabango ya barabarani niliyasoma kwa kuyakumbuka. Baba yangu alianza hivyohivyo, akamaliza maisha yake akishikwa mkono kwenda chooni, na aliyekuwa akimshika ni mimi. Niliogopa. Niliogopa hospitali kuliko barabara, kwa sababu hospitali wangeniambia niache kuendesha, na mimi bila kuendesha sikujua ningekuwa nani. Ndiyo maana nililipenda lile gari. Nilitaka liwe linaona kwa niaba yangu.

Mwezi wa nane tulikuwa tunarudi kutoka Geita asubuhi. Tulikuwa tumeshaipita Ushirombo, jua limetukabili usoni, nami namweleza Anisia habari za pampu.

"Ng'ombe! Baba Rosemary, ng'ombe!"

Nikakanyaga breki. Gari likaserereka, likasimama upande. Vumbi lilipotulia nikaona ndama, hatua mbili kutoka kwenye ngao, na nyuma yake mchungaji wa makamo ameikumbatia fimbo yake kifuani.

"Bhabha, ulikuwa umelala?" akaniuliza.

Nikashusha kioo. "Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu. Gari hili linafunga breki lenyewe."

Yule bwana akaliangalia gari, akaniangalia mimi, akawaswaga ng'ombe wake.

"Lenyewe?" Anisia akasema. "Aliyepiga kelele ni nani?"

"Si gari?"

"Ni mimi, Baba Rosemary. Na aliyekanyaga ni wewe."

Tukafika Kahama. Pale ndipo akanipa masharti. Jumapili baada ya misa tutakwenda kwenye uwanja wa shule, watu waone. Gari likisimama lenyewe, yeye hatafungua mdomo tena humo ndani maisha yake yote. Lisiposimama, Jumatatu nakwenda kupimwa macho, na ufunguo namkabidhi Rosemary, binti yetu muuguzi aliyekuwa likizo.

Nikakubali kwa mbwembwe. Watu niliwaalika mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Jumapili ile jua lilikuwa kali na uwanja ulijaa. Katekista wetu, mzee Donatus, alikuja na kiti chake. Nilikuwa nimebeba maboksi matupu ya pampu ili niyapange mbele ya nguzo ya netiboli, gari liyafuate. Anisia akayasogeza pembeni kwa mguu.

"Maboksi ya nini? Si haliwezi kugonga? Nitasimama mimi."

Mume mwenye akili angekataa papo hapo, na kweli neno lilinifika mdomoni. Lakini nilikuwa nimetangaza miaka miwili, na mzee Donatus alikuwa ananitazama. Nikasema, "Simama."

Akaenda kusimama kwenye nguzo na kitenge chake cha njano na kilemba. Mimi na Rosemary tukaingia kwenye gari tukaenda mpaka mwisho wa uwanja, tukageuza. Nikazima, nikawasha upya ili mambo yaanze vizuri. Taa ikawaka, dada akasema maneno yake. "Asante, dada," nikamjibu.

Rosemary akatoa simu, akaielekeza kwenye yale maandishi. "Hii inatafsiri," akasema. Kisha akasoma polepole: "Breki ya dharura haifanyi kazi. Rada ya mbele imezibwa."

Nikaikodolea macho ile taa.

"Baba, taa hii imeanza kuwaka lini?"

"Nilipofunga ngao."

"Kwa hiyo miaka miwili yote..."

Jasho likanitoka mpaka kwenye viatu. Mawimbi, chuma, ubao, chaki, vyote vilinijia kwa pamoja. Mtu mzima mwenye haya angeshuka pale pale akaungama. Mimi nikakumbuka kwamba nina mguu. Nitakanyaga breki taratibu, nikawaza, mapema kabisa, huku uso ukitazama mbele na mikono ikiwa juu ya usukani. Nani atajua?

"Rosemary," nikamwambia, "kuanzia sasa usiseme neno lolote mpaka tumalize."

Alikuwa anatazama mbele, amefungua mdomo. "Neno lolote?"

"Lolote."

Akaufunga.

Nikaondoka. Niliiona rangi ya njano mbele, wima, haitikisiki, na moyo ukaniuma kwamba mke wangu ananiamini kiasi kile nami ninakwenda kumdanganya. Hata hivyo nikamdanganya. Nikakanyaga breki kama hatua kumi na tano kabla ya kumfikia, na gari likasimama vizuri mno, hata yule mbuzi wa Tinde angepiga makofi.

Nikaruka nje, mikono juu.

"Mama Rosemary! Umesadiki sasa?"

Hakujibu. Uwanja wote ulikuwa kimya, nami nikajua wameshangazwa na teknolojia.

"Miaka miwili unanidharau mimi na gari langu! Sema basi, mbele ya watu hawa!"

Upepo ukampepea kitenge. Nikawageukia watu. "Mnaona? Leo hata neno hana!"

"Baba Rosemary," sauti ya mke wangu ikasema kutoka kwenye kivuli cha darasa, mkono wangu wa kulia, katikati ya akina mama. "Unaongea na nani?"

Sijui nani alianza kucheka. Najua tu kwamba mzee Donatus alianguka na kiti chake, wakamwinua, akaanguka tena. Nikatembea zile hatua kumi na tano nikashika kwa mkono. Ilikuwa nguzo. Kitenge kimefungwa katikati, kilemba kimevishwa juu. Nilikuwa nimegombana na bomba la chuma, nikalishinda kwa hoja.

Nikamgeukia Rosemary, ambaye alikuwa ameona yote tangu tulipogeuza gari. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema lolote, baba."

Anisia hakucheka. Alikuja akasimama karibu nami, karibu kiasi cha kuonekana, akaanza kufungua kitenge chake kwenye nguzo.

"Naogopa," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Naogopa kuwa kama baba."

"Najua."

"Umejua lini kwamba sioni?"

"Kabla hujanunua gari."

"Kabla ya gari? Na ukaendelea kupanda nami, kwenda na kurudi, ukijua mwenye usukani haoni?"

Akakikunja kitenge, kona kwa kona, bila haraka. "Kwani wewe ulidhani nafuata nini Geita kila wiki?"

Nikakumbuka yote niliyokuwa nayaita domo lake la njiani. Bodaboda huyo anaingia. Kuna mama anavuka na ndoo. Punguza, hapo kuna tuta. Ng'ombe. Nilikuwa namjibu "nimeona", kila mara, kwa ukali kidogo, halafu nakanyaga breki.

Nikampa Rosemary ufunguo.