Chumba cha Nyuma na Mchezo wa Saa Kumi

Saa kumi alasiri fundi cherehani alisogeza mashine yake karibu na televisheni, akabana pini tatu mdomoni, akaendelea kukunja marinda ya sare za shule. Saa hiyo walikuwa wanarudia mchezo wa zamani wa familia, ule aliokuwa akiutazama utotoni akiwa amesimama dirishani kwa majirani. Rangi zake zilikuwa zimechujuka, suruali ya baba mwenye nyumba ilikuwa pana miguuni, na watu wasioonekana walicheka kila mlango ulipofunguliwa.

"Tazama kochi lile," alisema bila kutoa pini. "Hata kwetu lilikuwepo."

"Kwenu kulikuwa na mkeka," alijibu mume wake. Yeye alikuwa fundi wa friji, na siku hiyo hakuitwa na mtu.

"Haya, mkeka, lakini upendo ulikuwepo. Watu wa zamani walijua kupendana. Ona wanavyomkalisha bibi yao katikati."

Bibi huyo walimwita Bibi wa Miwani, na yeye ndiye aliyekuwa utamu wa mchezo. Fundi cherehani alimpenda sana. Siku alipougua kwenye mchezo, fundi alifunga kutwa nzima akimwombea, ingawa alijua kipindi kilirekodiwa yeye hajazaliwa.

Nyuma ya ukuta kilikuwa chumba cha mama wa mume. Walimhamishia huko kwa sababu kikohozi chake kilikuwa kinameza maneno. Mzaha ukifika mahali pake, yeye anakohoa, wao wanabaki kuulizana, "Amesemaje?" Hakuna aliyemgombeza. Walimwambia tu kwamba chumba cha nyuma kina hewa. Mama hakubisha. Aliomba jambo moja, kwamba wakimaliza kutazama, mwanawe apite amkalie kidogo.

"Nitakuja, mama," mwanawe alisema, na alisema hivyo kila siku.

Jumatatu Bibi wa Miwani aliinuka katikati ya mazungumzo, akashika goti lake bovu, akavuka kioo cha televisheni akatokea sebuleni. Alikanyaga kitambaa cha sare, akaomba radhi.

"Nani anakohoa?" aliuliza.

"Mama mkwe," alisema fundi.

"Mnamsikia?"

"Tunamsikia, bibi. Na kila siku tunamwombea, tena kwa jina lake."

"Kupitia ukutani?"

Pini zilikuwa bado mdomoni, kwa hiyo fundi alikuwa na sababu ya kutojibu. Bibi wa Miwani aliomba beseni, maji ya vuguvugu na kitana. Alipewa, akaingia navyo chumba cha nyuma. Baada ya muda walisikia maji yakimiminwa, kisha wakasikia mama anacheka, cheko refu la msichana. Hawakukumbuka mara ya mwisho kulisikia. Fundi aliona uso unamchoma, akaongeza sauti ya televisheni.

Siku zilizofuata bibi alikuja saa ile ile. Alimkata mama kucha, alimgeuza ubavu, alimsikiliza. Kwenye mchezo kiti chake kilibaki kitupu. Watoto wake waliendelea kukisemesha, wakangoja jibu, halafu wakatazamana.

"Mchezo umechacha," alilalamika mume. "Bila yule bibi hauna chumvi."

Alhamisi wote wawili walikwenda mpaka mlango wa chumba cha nyuma. Hawakuingia.

"Bibi, samahani," alisema fundi. "Tunaomba urudi. Watu wako wanakungoja."

"Nitarudi," alisema Bibi wa Miwani. "Ila sirudi peke yangu." Alikuwa ameshamvisha mama gauni safi, na alikuwa anamfunga vifungo.

Mama alimtazama mwanawe. "Baba," alisema, kama alivyozoea kumwita tangu mdogo, "ukisema nikae, nitakaa."

Sebuleni wimbo wa kufungulia mchezo ulikuwa umeanza. Mume aligeuza shingo, akausikiliza kidogo.

"Huko utapata hewa, mama," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa. Wale wazee wawili walipita kati yao wameshikana mikono, wakainua miguu kwa uangalifu mbele ya televisheni, wakaingia.

Tangu siku hiyo mchezo ulinoga. Mama alikalishwa kwenye kochi, katikati. Akikohoa, wote walinyamaza mpaka amalize, hata wale wanaocheka bila kuonekana. Jirani muuza mkaa alipopita kuuliza hali, fundi alimweleza kwamba mama yuko kwenye televisheni.

"Nimemwona," alisema muuza mkaa. "Amenenepa. Jana kanichekesha mpaka nimeunguza maharage. Kumbe ni mcheshi hivyo? Miaka yote hii sikujua."

"Hata sisi," alisema fundi, akiangalia miguu yake.

Chumba cha nyuma kiliwekwa friji mbovu.

Jumanne moja, mtoto wa kwenye mchezo alikuwa anammiminia mama chai. "Mama," alimuuliza, "huko ulikotoka, hukuacha mtoto?"

Cherehani ilisimama. Mama alipokea kikombe kwa mikono miwili, akainua macho, akatazama nje ya kioo, moja kwa moja mpaka kwenye kiti alichokalia mwanawe.

"Ninaye," alisema. "Mtoto mzuri sana. Kila jioni alikuwa anakuja kunikalia."

Watu wasioonekana walipiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu, na wengine walisikika wakipenga kamasi. Mume aliinama kama anayetafuta kitu chini ya kiti.

"Amekusitiri," alisema fundi polepole.

"Nyamaza," alisema mume, bado ameinama. "Tusikie."