Saba Yenye Kistari

...tena fundi mwenyewe ni wa binti yangu, yeye ndiye aliyempigia simu, yeye ndiye aliyemtandikia kitambaa juu ya meza yangu ya kulia, na sasa amemsimamia begani kama askari wa zamu, anachunga nini kama hakuna anachojua, fundi anahangaika na bisibisi nyembamba, anatafuta upenyo wa kuifungulia rimoti ya gari langu, na binti yangu anasema taratibu, Baba, usiwe na wasiwasi, ni betri tu hiyo, na mimi nasema moyoni, umejuaje kwamba ni betri kabla haijafunguliwa... kwa sababu tangu nilipogonga nguzo ya geti mwezi uliopita, mkwaruzo tu, hata taa haikupasuka, nyumba hii inanong'ona, nikiingia sebuleni mkwe wangu anaanza kuzungumzia mvua, lakini nilimsikia, masikio yangu bado mazima, alisema mzee anyang'anywe ufunguo kabla hajaua mtu, na binti yangu akajibu, nipe muda, nitajua la kufanya, basi Jumatano asubuhi nabonyeza, kimya, nabonyeza tena, kimya, nikaingiza ufunguo wa chuma mlangoni, king'ora kikalia mtaa mzima, majirani wakatoka na miswaki midomoni, na injini isiwake, na binti yangu dirishani ananitazama, hakushangaa, hilo ndilo lililonikata maini, hakushangaa hata kidogo.

Kweli rimoti ilikuwa imeanza kuchoka, hilo sikatai, wiki mbili nzima nililazimika kusogea hadi ubavuni mwa gari na kubonyeza mara tatu, nikasema nitanunua betri, nilisema, lakini kununua sikununua, ningekumbuka, miaka thelathini na moja nilikuwa mtunza stoo, haikutoka hata skrubu moja bila mimi kujua... Baba, chai inapoa, anasema, chai, ananibembeleza kama mgonjwa, aone kama mkono utatetemeka... paa, rimoti imefunguka, na fundi anacheka kidogo, ah, mzee, betri mpya kabisa hii, ila imewekwa kichwa chini miguu juu, mpya haijafanya kazi hata siku moja, na tazama, mtu ameandika kitu hapa... nimemkamata, ndilo wazo langu la kwanza, nimemkamata mchana kweupe, ametia betri mpya kinyume makusudi ili nionekane nimezeeka, nainama, miwani inateleza puani, na juu ya betri, isiyozidi kifungo cha koti, kuna tarehe ya Jumanne, kumi na saba, kwa wino mweusi, na ile saba ina kistari katikati, saba yangu, hakuna mwingine humu ndani anayeikata saba tumbo, hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye kila balbu, kila fyuzi, kila betri ya stoo, mpaka marehemu mama yake alikuwa akinitania, siku moja utaniandikia na mimi tarehe mgongoni... Jumanne, Jumanne nilikuwa wapi, nilinunua duka gani, nilikaa kiti gani nikaandika tarakimu ndogo kiasi hiki, natafuta, natafuta, Jumanne yote haipo, na ile nguzo ya geti, je, niliiona kweli kabla ya kuigonga...

Aliyeiweka nani, anauliza fundi, utani tu, na kabla sijafungua mdomo binti yangu anasema, ni mimi, nilikuwa na haraka, na hanitazami, anaitazama ile saba, anaijua, amekua akiiona kwenye majalada ya madaftari yake ya shule, anadanganya mbele yangu kwa ajili yangu, na mimi siku nne nimehesabu hatua zake koridoni, nimemnyima hata kuitikia salamu ya asubuhi, nimefunga droo yangu kwa kufuli kwa ajili yake, ni aibu, ni aibu kubwa, na bado ningependa kumwamini, ningependa sana iwe ni yeye... Fundi anaigeuza betri, anabana kifuniko, ananiwekea rimoti kiganjani, haya mzee, bonyeza tuone, na gari liko palepale nje ya dirisha, na binti yangu palepale begani mwa fundi, chai haijaguswa, kidole changu kiko juu ya kitufe, na kwa mara ya kwanza naogopa kwamba litafunguka.