Mashine ya Kusaga Isiyo na Vumbi

Sogea karibu nikutegee kimoja, na usiwe na haraka ya kunipa mji. Kimejaa pomoni mpaka hakieleweki. Nikikipunguza, ndipo kinaponiambia jina lake. Ni nini hicho?

Wapo watakaosema gunia. Wapo watakaosema kabati la nguo. Mwanangu wa kwanza, ambaye ni msagaji na hana subira na vitendawili, alisema ni mdomo wa jirani yetu. La hasha. Wewe fikiri huku nikikusimulia. Jibu nitalitoa mwenyewe njiani, sina roho ya kumtesa mtu.

Mwanangu huyo watu humwita Injinia, ingawa chuo cha uinjinia alikiona kwa nje tu akipita. Ana miaka thelathini na moja kwenye mashine ya kusaga nafaka. Zamani ilikuwa ya dizeli, yenye mkanda mpana na kelele za kuamsha mtaa. Siku hizi anayo ya umeme, haina makeke. Binti yake ndiye mwenye habari hii. Mimi namwita Mke Mwenzangu, utani wetu wa bibi na mjukuu, na yeye hunijibu kwamba babu alinioa mimi kwa kukosa subira ya kumngoja yeye.

Mke Mwenzangu anatengeneza sauti. Sisemi kuimba, akiimba, hata paka anatoka nje. Anakaa mbele ya kompyuta, ndani yake kuna kinanda cha kuchora tu, kisicho na mbao wala waya, na humo anatoa sauti ya chochote unachotaka. Baba yake aliita kazi hiyo "kucheza na nzi ndani ya chupa."

Sasa kulikuwa na kikundi cha michezo ya redio kilichotafuta mtu wa sauti. Kiongozi wao ni mama mmoja mrefu, mwenye miwani machoni na miwani nyingine kichwani. Akampa mjukuu wangu jaribio. Katika mchezo wao kuna msagaji wa zamani anayeiacha mashine ikizunguka bure, halafu mteja asiyeona anamwambia, "Mahindi yangu yamekwisha kitambo, unasaga nini?"

"Redio haina macho," yule mama akamwambia. "Nataka msikilizaji ajue kwa sikio tu kwamba nafaka ilikuwepo na sasa imekwisha. Alhamisi uniletee sauti hiyo, na uje na msagaji wa kweli. Tutamkalisha akitazama ukuta, tutampigia, tutamuuliza. Akiijua, kazi ni yako."

Nilipomsikia nikaona ni jambo jepesi. "Si ukairekodi tu ya baba yako?"

"Bibi, ile ya umeme inalia kama feni. Ya dizeli iliuzwa chuma chakavu. Halafu mashine ya kweli haimngoji mwigizaji amalize maneno yake."

Na msagaji wa kweli ni nani? Baba yake. Naye alikuwa ameshapanga kumpeleka binti huyo akafanye kazi dukani kwa kitinda mimba wangu, anayeuza misumari na rangi. Mchana tukiwa mezani, mtoto akajikaza.

"Baba, nakuomba saa moja tu, Alhamisi."

"Saa moja nifanye nini? Nisikilize kompyuta ikijifanya mashine?"

"Usipoijua, Jumatatu naingia dukani kwa baba mdogo. Silalamiki tena."

Injinia akaacha kutafuna. "Na misumari utaipima kwa furaha?"

"Kwa furaha."

"Nitakuja. Lakini mimi sipepesi macho kwa sababu ya mtoto. Nikisikia bati, nitasema bati."

Nami namjua mwanangu. Akisema bati, ni bati.

Jumanne asubuhi nikampelekea mjukuu wangu chai, nikakaa kando yake kwenye kigoda. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na vifundo vingi vya kuzungusha, kama vya redio za zamani. Akabonyeza kitu kimoja. Lo! Sauti nene, kali, kama nyuki elfu waliofungiwa ndani ya sufuria.

"Hii ndiyo malighafi, bibi. Inaitwa wimbi la msumeno. Tazama lilivyochorwa, lina meno. Ndani yake zimo sauti nene na nyembamba, zote zinasema kwa pamoja, ndiyo maana huelewi kitu."

Akashika kifundo kimoja akakirudisha polepole. Nyuki wakaanza kupungua. Kwanza waliondoka wale wadogo wenye kelele, halafu wa kati, mpaka kikabaki kitu laini kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Akabadilisha kidogo namna sauti inavyoingia na inavyotoka: ikawa filimbi. Akabadilisha tena: ikawa mlango mzito unafungwa. Wimbi ni lile lile.

"Kumbe ni chekeche!" nikasema.

"Chekeche la sauti, bibi. Hiki kifundo kinaitwa kichujio. Mimi sitii kitu hapa, natoa tu."

Basi jibu la kitendawili umelipata: sauti. Nami nilikuwa na umri wa wajukuu tisa siku nilipolijua.

Akaanza kuijenga mashine. Alichukua mawimbi mawili, moja akalilegeza kidogo lisilingane na mwenzake, yakawa yanasuguana kama mawifi jikoni. Hiyo ikawa injini. Akachukua sauti ya mchakacho, kama mvua juu ya bati, akaichekecha mpaka ikawa punje zinazopigwa ndani ya chuma. Mkanda nao aliufanya kwa ujanja ulioniacha mdomo wazi: aliweka wimbi jingine la polepole, lisilosikika lenyewe, kazi yake kukitikisa kichujio. Kifundo kikawa kinazunguka chenyewe, pa, pa, pa, vile kiungo cha mkanda kinavyopiga gurudumu kila kikipita. Nikaangalia nyuma yangu.

"Sasa sikiliza. Hii ina mahindi." Akapiga. Ikalia kali, mluzi mtupu. "Na hii ni tupu." Ikanguruma chini chini.

Nilicheka mpaka chai ikaniingia puani.

"Nini tena, bibi?"

"Mke Mwenzangu, mashine yako ikishiba inapiga yowe, ikiwa na njaa inanong'ona?"

"Si ikiwa na kazi nyingi ndiyo inapiga kelele zaidi?"

"Wewe ukiwa na tonge mdomoni unaweza kupiga mluzi?"

Akaniangalia kama vile nimevua kilemba mbele za watu.

"Mahindi yanaiziba," nikamwambia. "Inanung'unika kwa kifua. Yakiisha, sauti inapanda, inafunguka, inakuwa ya bati. Nilikuwa naanika nguo uani, najua kabla baba yako hajajua. Nikimpigia kelele, 'Injinia, unasaga upepo!'"

Hakubisha. Wengine wangebisha, wana vyeti na mimi nina darasa la saba. Yeye alifuta kazi ya siku mbili mbele ya macho yangu, akaigeuza. Sasa nafaka ndiyo ikawa inafunga kichujio, na kadiri inavyopungua kichujio kinafunguka. Ikawa! Nikasikia harufu ya dizeli, na hakuna dizeli.

Ila furaha ikampeleka mbali. Akaongeza mwangwi, akaongeza minyororo, mlango, sijui nini na nini, mpaka ikarudi kuwa nyuki ndani ya sufuria. Aliisikiliza mwenyewe, akakunja uso, akaanza kuzizima moja baada ya nyingine. Zikabaki tatu: injini, mkanda, punje. Halafu akafumba macho. Anasogeza kifundo unene wa unywele, anasikiliza, anakirudisha, anasogeza tena. Saa nzima! Nimeshona nguo miaka mingi, nimefumua mishono mingi, lakini subira kama ile kwa kitu usichoweza hata kukishika, sijawahi kuiona. Nilitamani kumpigia makofi, nikaogopa kumvuruga.

Alipofumbua macho akaniuliza, "Bibi, na nafaka ikibaki kidogo tu, kabla haijaisha kabisa, inalia vipi?"

"Hilo sijui. Kutoka uani husikii hilo. Linajulikana na aliyesimama pale. Muulize baba yako."

"Siwezi. Yeye ndiye mtihani."

Akafikiri, akila ukucha. Mwisho akasema, "Punje zikiwa chache hazitafuatana. Zitaachiana nafasi." Akaikata ile mvua ya bati vipande vipande, kichujio kikawa kinafunguka na kujifunga, kama mashine inakohoa. "Nabahatisha, bibi."

"Bahatisha, mwanangu."

Alhamisi tukaenda watatu. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa magodoro, ukisema neno linakufa hapo hapo. Injinia alivaa shati lililopigwa pasi, ila unga ulikuwa bado kwenye mikunjo ya masikio. Wakamkalisha akitazama ukuta. Waigizaji wawili wakasimama kando, mmoja anatafuna kalamu. Mjukuu wangu akaweka mkono juu ya kipanya cha kompyuta.

Yule mama akasema, "Mzee, utasikia mashine. Utuambie jambo moja tu: ina nafaka au haina?"

"Naelewa lugha," mwanangu akajibu. "Pigeni."

Ikaanza. Kwenye spika zile kubwa haikuwa ile ya nyumbani, sakafu iliitika. Injini ikanguruma, mkanda ukapiga, punje zikamwagika. Mgongo wa mwanangu ulinyooka kama ubao, sikuona uso.

Sauti ikaendelea. Yule mama akashusha miwani ya kichwani, akasahau kwamba nyingine iko machoni.

"Mzee? Ina nafaka au haina?"

Mjukuu wangu aliniangalia. Nilijua anaiona misumari ya baba yake mdogo, imepangwa kwa ukubwa kwenye madebe. Mimi nilikuwa naangalia kwingine. Nilikuwa naangalia mguu wa mwanangu wa kulia. Ulitoka ulipokuwa, taratibu, ukajivuta chini ya kiti, vile alivyokuwa akiuvuta miaka yote ile ili mkanda usimpitie. Yeye mwenyewe hakujua kama ameuvuta.

Sasa ile mvua ikaanza kukatika. Punje, nafasi. Punje, nafasi. Mashine ikakohoa.

"Baba," mjukuu wangu akaita, sauti ndogo. "Ina nafaka au haina?"

Mwanangu akanyoosha mkono wa kushoto bila kugeuka, kiganja kimefunguka, kama anapapasa ubavu wa kitu kilichosimama pale mbele yake, na pale mbele yake kulikuwa na godoro tu.

"Inayo ya mwisho mwisho," akasema. "Konzi mbili hivi, hazizidi. Mwambieni anayefuata alete debe lake, na nyie watoto msisimame karibu na mkanda."