Mikono ya Bi Mpokezi

Uchungu ulinishika mchana nikiwa kwenye cherehani, napinda shuka ambalo nilitaka mwanangu apokelewe juu yake.

"Lete hilo shuka," mama mkwe aliita kutoka chumbani. "Pindo halizalishi mtu."

"Bado lina pini, Mama."

"Nitazitoa. Wewe tembea."

Nikatembea, ukumbini na kurudi, mkono mmoja ukutani.

Mtaa mzima ulimwita mama mkwe Bi Mpokezi, maana nusu ya watu wake walipita mikononi mwake ndipo wakaiona dunia. Mume wangu alizaliwa kwenye kitanda kilekile nilichokuwa natandikiwa, na wifi yangu pia, ingawa wifi hupenda kusema yeye aliteremka mwenyewe. Kliniki waliniambia: mimba ya kwanza hii, njoo uzalie hapa. Nyumbani wakaniambia: huko utakaripiwa, na hapa unaye mama. Sikusema ndiyo wala hapana. Nilitabasamu tu, na katika nyumba ile anayetabasamu huhesabiwa amekubali.

Kilichoninyima raha ni mateke. Niliyapata chini, karibu na kibofu, na juu, chini ya mbavu, kulikuwa na kitu kigumu cha mviringo. Nilipomweleza Mama, alinipapasa akacheka. "Kichwa kiko chini, mwanangu. Huku juu ni makalio. Magumu kama ya baba yake." Nikacheka naye. Nilimpenda, nikatamani awe amesema kweli.

"Masomo ya jioni yamekufundisha kuogopa, wifi," wifi yangu alisema nilipompita tena, ameketi kizingitini akisuka nywele zake. "Sisi tusiosoma tunazaa tu."

"Wewe umezaa lini?" mume wangu akamuuliza. Hakuwa ametulia, alikuwa amechemsha maji yakapoa, akayachemsha tena.

"Nangoja nione huyu anavyofanya."

Uchungu ulirudi, mkali zaidi. Nikaingia chumbani nilale. Mama alikuwa anatandika, anapitisha viganja juu ya shuka kulinyoosha, na nyuma ya mkono wake wa kulia vilifuatana vidoa vyekundu kwenye shuka. Aliviona. Uso ukambadilika.

"Umeanza kutoka damu? Mbona hukusema?"

"Mimi sijakaa hapo, Mama."

Akapapasa tena akitafuta ilikotoka, na doa jipya likatokea mbele ya macho yetu. Nikamshika mkono, nikaugeuza. Pini ilikuwa imezama kwenye kidole cha shahada, kimebaki kichwa chake tu.

Pini hunichoma kila siku, na kila siku naruka. Yeye alikitazama kidole kile kama cha mtu mwingine.

"Hukusikia?"

"Nasikia. Nachelewa tu." Akauchomoa mkono wake, akaing'oa pini, akaificha ncha ya kidole ndani ya nguo. Kisha, kwa sauti ya chini: "Ni sukari. Tangu mvua zilizopita vidole vimelala. Usimwambie mwanangu."

Uchungu ukanipigisha magoti. Nikauma ukingo wa godoro, na kitu kimoja tu kilikuwa kinanizunguka kichwani: vidole hivi ndivyo vilivyoniambia mtoto amekaa sawa.

Ulipopita nikauliza, "Mama, siku ile uliponishika tumbo, ulikisikia kichwa?"

Alikaa kitandani. Sijawahi kumwona akiwa mdogo kiasi kile. "Nilisikia kitu," alisema. "Kingine nilikijaza mwenyewe."

"Basi mimi nakwenda hospitali."

Wifi alikuwa amefika mlangoni, nywele zimesukwa upande mmoja. "Makubwa! Si ulikubali?"

"Sikukubali. Nilitabasamu."

"Na watu watasemaje? Mkwe wa Bi Mpokezi kaenda kuzalishwa na wageni! Mama amekukosea nini?"

Mume wangu naye akaja, birika mkononi. Wote wakanitazama. Ningeweza kusema neno moja tu nikamalizana nao. Lakini Mama alikuwa amejiinamia, mkono umo ndani ya nguo.

"Waseme mimi ni mwoga," nikajibu. "Niitieni gari."

"Lakini Mama yupo hapa," mume wangu alianza, "tungoje kwanza..."

"Usingoje!" Mama alisimama. "Mficha uchi hazai, na hapa mficha uchi ni mimi." Akautoa mkono, damu na yote. "Mikono yangu imekufa ganzi, baba. Siwezi kumpokea mwanao. Weka hilo birika, kalete gari."

Hospitali walitupokea bila makaripio. Mkunga, binti wa rika langu, alinipapasa huku akinitania kuhusu soksi zangu zisizofanana. Halafu utani ukakatika. Akabonyeza chini ya mbavu, akabonyeza tena, akamwita daktari.

"Ametanguliza makalio," daktari alisema. "Tutakupasua, mama. Mmewahi."

Niliogopa. Walipokuwa wanaandaa kitanda cha kunisukumia, mkunga akaweka kibomba cha mbao tumboni mwangu, akategea sikio mapigo ya mtoto. Akakihamisha kidogo, akasikiliza tena.

"Naweza?" Mama aliuliza.

Mkunga akasita, akampisha. Mama akainama, akaweka sikio, macho amefumba.

"Yupo," alisema. "Yupo, mwanangu. Anadunda kama mwenye haraka zake."

Wakanisukuma kuelekea mlango mpana, naye akatembea kando yangu hadi pale walipomwambia basi.