Mzee Koki Yuko Nje

Jumanne ile Mzee Koki aliazimwa saa nane mchana, arudishwe saa kumi. Hakurudishwa. Alikuwa ameshalitengeneza sinki la Mwalimu, aliyemwazima, akaomba maji, akaketi kwenye kigoda jikoni kupumzisha goti, na hapo hapo moyo wake ukasimama. Habari zilimkuta mkewe akianika nguo. Mkononi alikuwa na shati la mumewe, akalianika tu, maana hakujua alifanyie nini kingine.

Hili la kuazimwa lina maelezo yake. Mkutubi wa maktaba ya mtaa ni mtu wa taratibu. Watu walipoanza kumjia na shida zisizo na kitabu, nani atanijazia fomu, nani atanishikia mtoto niende kliniki, hakujua kuwasaidia kwa njia nyingine ila ile aliyosomea. Akawaorodhesha wenye ujuzi kama vitabu. Kila mmoja akawa na kadi ndani ya droo, na aliyemhitaji akamwazima kwa sahihi, kwa muda uliopangwa, kisha akamrudisha katika hali aliyomchukua. Kadi ya Mzee Koki ilisomeka hivi: "Fundi bomba. Hali: nzuri, isipokuwa goti la kushoto. Tahadhari: anaongea." Tahadhari aliiandikisha mkewe.

Sheria zilikuwa mbili. Asiyerudisha haazimi tena. Na kadi haifungwi ila na mwenyewe au mtu wa nyumbani kwake. Hii ya pili ilitungwa baada ya mshonaji mmoja kumfuta mwenzake kwa kalamu nyekundu.

Mkutubi alikuja mazikoni, akalia kuliko mashemeji. Baadaye akamwandikia mjane barua mbili, kwa adabu, aje aifunge kadi. Mjane akaziweka zote mbili chini ya kopo la sukari. Lakini kila Ijumaa alikwenda maktaba, akafungua gazeti, mara nyingine juu chini, akachungulia ubao wa ukutani. Chini ya neno "Wapo" kulikuwa na majina kumi na moja. Chini ya "Wako nje" kulikuwa na moja tu: Mzee Koki. Akilisoma, alikunja gazeti akarudi nyumbani. Siri hiyo hakumwambia mtu.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, Ijumaa asubuhi, kukapigwa hodi. Alikuwa Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha hesabu, anayeona kwa kukisia. Alianza kwa kuliamkia pipa la maji.

"Niko huku, Mwalimu. Karibu."

"Ahsante. Nimekuja kwa ajili ya mume wako."

"Kafanya nini tena?" Miaka thelathini na minne ya mazoea ilimponyoka mjane mdomoni.

"Yeye hana kosa, mdogo wangu. Mimi ndiye sijamrudisha."

Mjane akaangua kicheko, kile kinachoumiza mbavu, na Mwalimu naye akacheka huku akiomba radhi.

Shida yake ilikuwa hii. Jumatatu angepasuliwa mtoto wa jicho. Hospitali haimpasui mtu anayeishi peke yake mpaka awe na wa kumtia dawa machoni mara nne kwa siku, wiki mbili. Maktaba ilikuwa na muuguzi mstaafu, ila mama huyo hatoki kwake bila karatasi ya mkutubi, kwa jinsi watu walivyokuwa wakimvuta huku na huku. Na Mwalimu alikuwa amefungiwa kuazima mpaka kadi ya Mzee Koki ifungwe. Ikipita Jumatatu, zamu nyingine ni baada ya miezi saba, na jicho la pili nalo lilikuwa linazimika.

"Sahihi yako tu," alisema.

"Hebu twende kwanza," alijibu mjane, akijua fika kwamba hataki.

Walipoingia maktaba, mkutubi alisimama wima. Alifundishwa na Mwalimu darasa la saba, na woga haujamtoka.

"Nimeshasema, Mwalimu. Naweza kufumba macho, leo tu."

"Miaka thelathini sikumpa mtoto alama ya bure, na wewe shahidi. Nije niombe ya kwangu leo? Kaa chini."

Akakaa.

"Kwani lazima muuguzi?" mjane akadakia. "Dawa ya macho naweza kutia mimi. Kadi iacheni ilivyo."

"Kwa mikono hiyo?" Mwalimu akauliza. "Matangani chai yote ulinimiminia mapajani."

"Siku ile nilikuwa na msiba!"

"Basi tujaribu."

Mkutubi akaleta maji kwenye kifuniko, na mrija. Mwalimu akaegemeza kichwa kitini, akafumbua jicho. Tone la kwanza likatua kwenye paji la uso. La pili likaingia puani, akapiga chafya hadi wasomaji wakageuka. Mjane akashika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akang'ata ulimi, akalenga vizuri kabisa. La tatu likamdondokea mkutubi kwenye daftari la waazimaji.

"Mara moja tena," akasema mjane.

"Mama," mkutubi akamwambia taratibu, "utamzamisha."

Mjane akaweka mrija mezani. Mwalimu akajifuta uso kwa upindo wa khanga yake.

"Mdogo wangu, unaogopa nini?"

Mjane akatazama ubaoni. "Pale wameandika yuko nje. Mtu aliye nje unaweza kumsubiri."

Mkutubi alishughulika kukausha daftari ambalo lilikuwa limeshakauka.

"Hujawahi kuniuliza siku ile ilikuwaje," Mwalimu akasema.

"Niliogopa."

"Alikuwa ananisimulia ulivyoificha spana yake ndani ya unga ili asitoke Jumapili. Nikamwambia, Mzee Koki, hiyo umenisimulia mara mbili. Akasema ya leo ni tamu zaidi. Akaanza kucheka kabla hajafika mwisho. Hakufika."

"Alikuwa anacheka?"

"Kama mwizi."

Mjane akavuta kiti, akaomba kalamu. Fomu ilitaka sababu ya kufunga kadi, na visanduku vilikuwa vinne: amehama, amechoka, amegombana na mwazimaji, nyinginezo.

"Mimi naye hatukugombana," Mwalimu akawahi kusema.

Mjane akatia alama kwenye "nyinginezo", akaandika "amefariki", akaweka sahihi. Palibaki mstari mmoja wa mwazimaji, aeleze hali ya alichorudisha. Mwalimu akainama mpaka pua ikagusa karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: "Kazi aliimaliza." Mkutubi akagonga mhuri taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Jumatatu Mwalimu alipasuliwa. Muuguzi anakwenda kwake mara nne kwa siku, na karatasi yake mkononi. Kwenye droo ya maktaba hakuna fundi bomba. Anayemhitaji anaandika jina kwenye daftari na kusubiri. Hadi juzi majina yalikuwa sita.