Kikopo cha Mama Nimpaye

...sitini na mbili, hakuna kitu, asante Mungu, na Koleta akahamisha punje nyingine ya harage kutoka kikombe cha kushoto kwenda cha kulia bila kuondoa jicho kwenye hadubini, sitini na tatu, buluu tupu, mdudu angekuwepo angeonekana, kijiti chembamba chekundu, maana ukishawapaka rangi na kuwapasha juu ya taa ya spiriti hata tindikali haiwatoi rangi hiyo, wabishi kama Wahangaza, alisema mwalimu wao chuoni, na yeye, Mhangaza peke yake darasani, akacheka kuliko wote... lakini leo hataki kumwona hata mmoja, maduara mia ya mwanga ndiyo sheria, yakibaki tupu ataandika hasi, hasi ya tatu mfululizo, Dokta Ansbert atafunga faili, kikohozi cha kawaida, dawa ya maji, na Mama Nimpaye atarudi nyumbani Ntobeye kugombana na chumvi ya mchuzi wa Koleta, sitini na sita, huyo hapo nje kwenye benchi anakohoa, wiki ya tano hii, kikohozi kinaanzia magotini, mama wa watu, mama yake, maana ni mama yake, aseme nani, alivuka mto Ruvubu akikimbia vita Burundi, Oktoba ile ya tisini na tatu, na mkeka mmoja kichwani, wenzake wakaelekea kambini, yeye akasimama mlangoni kwa Koleta kuomba maji, akanywa, akaona sufuria haikusuguliwa vizuri, akaisugua, na hakuondoka tena, mwaka wa pili sasa, na Koleta aliyemzika mama yake angali mdogo, hajajua hata kusuka mkeka, akapata mama ukubwani, wa kumwambia umekonda, wa kumwambia gauni hilo fupi, sabini, wingu limepita, kioo kinachovuta jua dirishani kimefifia, subiri... Jumapili walipotoka misa alisema wazi, hakupepesa macho, "Mwanangu, ikiwa ni igituntu nitakwenda kambini kwa wenzangu. Siwezi kula na wewe sahani moja," igituntu, ndivyo wanavyokiita kwao kifua kikuu, na tangu siku hiyo Koleta hana sala nyingine, Bwana, nisione kitu, jua limerudi, sabini na moja, sabini na mbili, safi, sabini na tano, safi, safi mno...

Safi mno, akasimama na punje ya harage mkononi, hapa pana nini, pana vigamba vipana vya shavu, vile vinavyobanduka ndani ya mdomo wa kila mtu, na chembe za usaha hakuna, hata moja, mtu akohoe wiki tano halafu kifua chake kiwe kama maji ya kisima, inawezekanaje, rudi nyuma, sabini na nne, vigamba tu, haya si makohozi, haya ni mate, na asubuhi ya leo ikamjia yote kwa mpigo, kikopo amekikabidhi kwa mikono miwili, Mama amekwenda nyuma ya nyumba, na yeye Koleta, fundi wa maabara mwenye cheti ukutani, amegeuka akampa mgongo, maana mkubwa hatazamwi akitema, ndivyo alivyolelewa, akasikia kikohozi kile kirefu, akasikia jembe likifukia udongo, akasikia maji yakisukutuliwa mdomoni, mara mbili, kisha kikopo kikarudi kimefungwa kwa kitambaa kilichofuliwa, kama zawadi ya harusi, na mara ya kwanza, ile ya wiki iliyopita, Mama alisema kabisa, "Nimekutafutia safi, mwanangu. Wewe si mtu wa kupewa uchafu," na Koleta akaona raha, ee Mungu wangu, akaona raha, akasema asante... kwa hiyo ugonjwa wote uko chini ya migomba Ntobeye, umefukiwa kwa adabu, na hapa kwenye kioo yako mapenzi matupu, mmoja amesukutua, mwingine amegeuka, heshima zetu hizi zitatuzika, na nusu ya mate hayo imo ndani ya sanduku la barafu linalosubiri gari la Alhamisi kwenda mjini, huko watayaotesha juu ya yai lililogandishwa ndani ya chupa, wiki nane, maana wadudu hawa ni wavivu hawana haraka ya kuota, na baada ya wiki nane yai litabaki yai, na Mama atakuwa wapi... themanini na tisa, tisini, hata hajui kwa nini anaendelea kuhesabu, mkono umezoea, na Shilinde wa Kaniha aliletwa kwa machela, mifupa na macho, akameza dawa miezi minane, sasa analima mihogo na kugombea mipaka, hakuponywa na sala ya mtu aliyeomba asionekane mdudu, aliponywa kwa sababu walionekana, wekundu, wamejaa, na mimi nimekuwa nikiomba nini siku zote hizi, nimekuwa nikiomba Mama afe polepole nyumbani kwangu.

Matiasi, muuguzi wa zamu, ametokeza kichwa mlangoni, Dokta anasubiri, hasi tena, siyo? "Bado," Koleta akasema, na sauti ikatoka kali kuliko alivyotaka, tisini na sita, atamtoa Mama nje ya uzio penye upepo, atampa kikopo kipya, na safari hii hageuki, atasimama pembeni na kiganja mgongoni pake, amkemee kama mtoto, kohoa, kutoka chini, usimeze, usifukie, Mama ataudhika, na audhike, siku tatu hatamsemesha, na akitaja kambi ataambiwa sahani mbili, chumba chenye dirisha wazi, nyumba moja, dawa utameza mbele ya macho yangu, nakupenda, hilo nalo litasemwa, hata kama halisemwi, tisini na nane, kikohozi kile tena nje, kizito, kimebeba mzigo wake, na kwa mara ya kwanza Koleta akafurahi kukisikia, haya, wekundu, njooni, jitokezeni wote nitawapokea, dawa yenu ipo tayari, tisini na tisa, punje ya mwisho, duara la mia, buluu tupu, na kalamu bado haijagusa daftari.