Mwanamke wa Kijapani Ndani ya Gari Letu

Gari la mume wangu Abdulwahab lilikuja kutoka Japani na kifaa chake cha kuonyesha njia, na ndani ya kifaa mna mwanamke anayesema Kijapani. Abdulwahab hana Kijapani hata cha kuombea maji, lakini anamwamini huyo kuliko ramani ya simu yangu.

Juzi, tukienda harusini Kikole, simu ikasema tukate kulia. Yeye akanyoosha mbele. Tukaishia kwenye mikorosho ya watu. Simu ikasema tugeuze. Nikasema tugeuze, tena kwa kufoka. Mwenye shamba naye akaja, akasema tugeuze. Bwana huyu macho kwenye kifaa chake tu.

Ndipo yule mwanamke akatamka mambo yake.

"Umesikia?" Abdulwahab akaniambia, akikata usukani. "Mwenzio anasema tugeuze."